Kikohozi cha nguruwe kisichokatika: soma dalili kabla ya kuchoma sindano

Mfugaji akisikia kikohozi bandani, safari ya kwanza huwa ni ya duka la dawa za mifugo. Anaeleza kwa kifupi kwamba nguruwe wanakohoa, anapewa chupa, anachoma. Kikohozi kinatulia siku mbili, au hakitulii kabisa, naye anarudi kuchukua chupa ya jina jingine. Nimeuona mtindo huu Mbozi, nimeuona Njombe, na kila mara fedha inayopotea ni ile ambayo ingenunua pumba za mwezi mzima. Kikohozi cha nguruwe kinaletwa na bakteria wa aina kadhaa, na pia na mambo ambayo si bakteria, na dawa inayoua bakteria mmoja inaweza isimguse mwenzake. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua unapambana na nani, na sehemu kubwa ya kazi hiyo unaiweza mwenyewe ukiwa bandani.

Kaa, sikiliza, pima

Nenda bandani asubuhi kabla ya kulisha, wakiwa bado wamelala, na usimame nje ya chumba bila kuwashtua. Angalia ubavu na uhesabu pumzi. Nguruwe wa kunenepesha aliyetulia hupumua kama mara 25 hadi 35 kwa dakika, jike mkubwa kati ya 15 na 20, na mtoto mchanga anaweza kufika 50. Ukiona mbavu na tumbo vinapwita kwa nguvu huku mnyama amelala kivulini, mapafu yana shida.

Kisha waamshe wote, watembee kidogo, halafu hesabu vikohozi kwa dakika mbili. Rudia mara tatu na uandike kwenye daftari, pamoja na idadi ya nguruwe waliomo chumbani. Hesabu hiyo ndiyo itakayokuambia wiki hadi wiki kama dawa inafanya kazi, kwa sababu sikio la mwenye mali husikia anachotamani kusikia. Tenganisha chafya na kikohozi pia. Chafya ni ya pua, kikohozi ni cha kifuani, na magonjwa yake ni tofauti.

Kipimajoto cha kidijitali cha binadamu kinatosha. Kipake mafuta ya mgando, ukiingize njia ya haja kubwa, na usikiachie mpaka kilie. Joto la kawaida la nguruwe ni nyuzi 38.7 hadi 39.8, kuanzia 40.5 hiyo ni homa. Usipime nguruwe aliyetoka kukimbizwa au kupigwa jua, maana atakudanganya. Pima wanaoonekana wagonjwa, kisha pima na wawili watatu wanaoonekana wazima katika chumba hicho hicho. Mara nyingi mzima huyo tayari ana 40.8, na ndiye atakayezimika kesho.

Maswali mengine ni haya: wanaougua wana umri gani, ugonjwa umesambaa kwa siku au kwa wiki, na bado wanakula? Ukiwa na majibu hayo, endelea.

Kwanza hakikisha si homa ya nguruwe

Homa ya nguruwe ya Afrika ni ya virusi, wala si ya bakteria, na haina tiba. Iliandikwa kwa mara ya kwanza kitaalamu kutoka Kenya, katika ripoti ya Montgomery ya 1921, na haijawahi kuondoka kwetu. Mlipuko ulioanza Kyela mwishoni mwa 2010 ulifika hadi Dar es Salaam mwaka uliofuata. Ninaianza kabla ya mengine kwa sababu mfugaji anayedhani ana nimonia huku ana homa ya nguruwe, akichinja na kuuza upesi ili asipate hasara, anapeleka msiba kwa majirani wote.

Kwa kawaida haianzi kwa kikohozi. Inaanza kwa homa kali ya nyuzi 41 hadi 42, nguruwe wanalundikana pamoja na kukataa chakula, ngozi ya masikio, tumbo na mapaja inageuka nyekundu au zambarau, wengine wanaharisha damu, majike yanatupa mimba. Inaua wakubwa na wadogo bila kuchagua. Ukiona vifo vya rika zote ndani ya siku chache, simama hapo hapo. Usichinje, usiuze, usihamishe mnyama, usipasue mzoga. Funga mlango wa banda na umwite afisa mifugo au daktari wa mifugo wa wilaya. Sehemu zinazofuata ni za yule ambaye hali yake haifanani na hii.

Kikohozi kikavu, wanakula, lakini hawakui

Hii ndiyo sura ya kawaida kuliko zote. Nguruwe wa miezi miwili hadi mitano wanakohoa mfululizo wanapoamshwa au wanapokimbilia kihori. Ukimtazama anayekohoa utaona amekunja mgongo, amenyoosha shingo, kichwa kimeinama, anakohoa mara sita saba bila kutoa kitu. Hana homa, au anayo kidogo. Chakula anamaliza. Ila waliozaliwa usiku mmoja sasa wamepishana: wawili wamefika kilo 60, wengine wamebaki 35.

Mhusika mkuu ni mikoplasma, ambaye kwenye majibu ya maabara utamkuta ameandikwa Mycoplasma hyopneumoniae. Anaingia bandani na nguruwe wa kununuliwa au anatoka kwa mama kwenda kwa watoto wakati wa kunyonya, halafu anasambaa taratibu, pua kwa pua, kwa wiki kadhaa. Anachofanya ni kuharibu vinyweleo vidogo vinavyosukuma makohozi na vumbi nje ya koo la hewa. Vinyweleo vikishaharibika, bakteria wengine wanaokaa puani bila madhara wanashuka hadi mapafuni. Wa kwanza kati yao ni pasturela. Akiingia, kikohozi kikavu kinageuka cha majimaji, homa inapanda, na nguruwe aliyekuwa anakula anaanza kuacha chakula.

Sasa jambo ambalo ningependa kila mfugaji alijue: mikoplasma hana ukuta wa seli. Penisilini, amoksilini na dawa za ukoo huo huua bakteria kwa kuvuruga ukuta huo. Asiye na ukuta hazimfanyi chochote, uongeze dozi, ubadilishe kampuni, urudie kila mwezi. Mwenye mikoplasma na pasturela kwa pamoja ataona nafuu ya siku chache, kwa kuwa penisilini imempunguza pasturela, kisha kikohozi kinarudi kwa sababu aliyefungua mlango bado yumo. Hii ndiyo sababu ya kwanza ninayoitafuta nikiambiwa kwamba sindano haisaidii.

Dawa zinazomfikia mikoplasma ni kama oksitetrasaiklini, doksisaiklini, tailosini, tiamulini na linkomisini. Hata hizo zinamtuliza tu, hazimng'oi bandani. Kikohozi kinaweza kuendelea kwa muda baada ya matibabu mpaka koo la hewa lijirekebishe, kwa hiyo usipime mafanikio kwa kikohozi cha siku ya tatu. Pima kwa homa kushuka, chakula kuliwa, na hesabu ya daftari kupungua wiki hadi wiki.

Nafasi nzuri ya kuthibitisha ni siku ya kuchinja. Mwombe mchinjaji akuwekee mapafu kabla hajayatupa. Pafu zima ni la waridi, jepesi, ukilibonyeza linarudi. Lenye mikoplasma lina mabaka ya zambarau au kijivu kwenye sehemu za mbele na za chini, karibu na moyo, na mabaka hayo yamekaza kwa kushika. Kata kipande cha baka hilo na kipande cha sehemu nzima, uviweke kwenye ndoo ya maji. Kizima kinaelea, kilichojaa ugonjwa kinazama. Ukikuta mabaka hayo kwa nguruwe wengi unaochinja, tatizo ni la banda zima na si la nguruwe mmoja.

Jana alikula, leo amekufa na povu la damu puani

Hapa mambo ni ya saa. Nguruwe wa kunenepesha, mara nyingi wa wiki 10 hadi 16, wanaanguka ghafla. Homa inapita 41. Walio hai wanahema mdomo wazi, wengine wamekaa kitako kama mbwa kwa sababu kulala kunawabana kifua, masikio na pua vimekuwa vya buluu. Wengine hufa ndani ya siku moja, wakitoa povu lenye damu puani na mdomoni. Anayefanya hivi mara nyingi ni bakteria aitwaye Actinobacillus pleuropneumoniae. Pafu la aliyekufa huwa na mabonge meusi yaliyojaa damu sehemu za juu na nyuma, tofauti na mikoplasma anayekaa mbele na chini, na utando wa njano umelishikanisha na mbavu.

Lakini usiharakie kisu. Kimeta nacho huua ghafla na huweza kutoa damu kwenye matundu ya mwili, na kinaua watu. Mzoga wa kifo cha ghafla chenye damu apasue daktari, au akuelekeze yeye.

Matibabu ni ya sindano, tena leo. Dawa ya kuchanganya kwenye maji haifai kwa wagonjwa wa namna hii, maana aliyezidiwa hanywi. Hapa penisilini na amoksilini mara nyingi zina nafasi, na daktari anaweza kuchagua florofenikoli au seftiofu. Wachome wote wenye homa katika chumba hicho, pamoja na wale ambao bado wamesimama. Anayesubiri aone nani ataanguka anaokoa wachache.

Aliyepona hubeba bakteria huyu kwenye tezi za koo kwa miezi. Usimchague kuwa jike la kuzalisha wala dume la kukodisha, hata kama umbo lake linakuvutia.

Chafya, machozi, pua inayopinda

Watoto wa wiki chache wanapiga chafya, wana michirizi myeusi ya machozi chini ya jicho, wengine wanatoka damu puani wakijisugua ukutani. Chafya peke yake, bila mengine, mara nyingi ni bakteria aitwaye bordetela, au vumbi, na wengi hupona. Kinachotisha ni pasturela wa aina inayotoa sumu: sumu yake hula mifupa laini ya ndani ya pua, na baada ya wiki kadhaa pua inafupika au inapinda upande. Pua ikishapinda haitanyooka kwa dawa yoyote, na nguruwe huyo atakula sana na kukua kidogo. Juhudi zako ziende kwa mama zao na kwa uzao unaofuata: usafi wa chumba cha kuzalia, majike wachanga wasichanganyike ovyo, na uzungumze na daktari kuhusu chanjo kwa majike.

Homa, magoti yamevimba, anatetemeka

Wiki chache baada ya kuachishwa kunyonya, ukaona homa, viungo vya miguu vimevimba na vya moto, nguruwe anachechemea na kupumua kifupi kifupi kama anayeogopa maumivu ya kifua, fikiria ugonjwa wa Glässer, uliopewa jina la Mjerumani aliyeueleza 1910. Bakteria wake hujaza utando wa njano kwenye moyo, mapafu na utumbo. Unapenda kuja baada ya msukosuko: kuchanganya watoto wa mama tofauti, safari kwenye tenga usiku wa baridi, kubadilisha chakula ghafla. Ukitibiwa mapema kwa sindano ya penisilini mara nyingi hukubali. Ukicheleweshwa hadi viungo vimekaza, mnyama anabaki kilema.

Anayelala ubavu na kupiga miguu kama anayeogelea, shingo imekakamaa, ana maambukizi ya ubongo, na hapo bakteria aitwaye Streptococcus suis ni mshukiwa mkubwa. Huyu nimtaje kwa uzito wake: anaambukiza binadamu, anasababisha homa ya uti wa mgongo, na wengi wanaopona hubaki na uziwi. Mwenye kidonda mkononi asiguse damu wala nyama mbichi ya mgonjwa bila glavu.

Yasiyo bakteria lakini yanafanana

Minyoo ya duara hupita mapafuni ikiwa michanga na kuleta kikohozi. Ini la aliyechinjwa huonyesha madoa meupe. Dawa ya minyoo hapo inafanya ambacho antibiotiki haiwezi. Nguruwe wanaozurura na kufukua udongo hupata pia minyoo ya mapafu, inayobebwa na nyungunyungu. Mtoto wa wiki mbili au tatu aliye mweupe kupita kiasi, anahema akikimbia kidogo, ana upungufu wa madini ya chuma: alihitaji sindano ya chuma ya miligramu 200 katika siku zake za mwanzo. Na nguruwe anayetweta mdomo wazi saa nane mchana, joto likapungua jioni naye akatulia, anahitaji kivuli na maji ya kumwagiwa, kwa kuwa hatoi jasho.

Nimechoma dawa, hakuna nafuu

Dawa isiyolingana na bakteria tumeshaisema. Inayofuata ni dozi, na hapa ndipo wengi huteleza, kwa kuwa uzito hukadiriwa kwa macho. Chukua futi ya fundi cherehani. Pima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, kisha urefu kutoka katikati ya masikio hadi shina la mkia, vyote kwa mita. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, zidisha kwa 69.3. Nguruwe mwenye mzunguko wa mita 0.90 na urefu wa 0.95 ana kilo 53 hivi. Oksitetrasaiklini ya asilimia 20 inayokaa muda mrefu mwilini kwa kawaida hutolewa mililita 1 kwa kila kilo 10, kwa hiyo huyu anahitaji mililita 5 na kidogo. Aliyekadiriwa kuwa na kilo 30 angepata 3, na bakteria waliobaki ndio watakaozaliana. Soma kibandiko cha chupa yako, maana asilimia zinatofautiana na mililita zinabadilika nazo. Choma shingoni, nyuma ya sikio, kwa sindano ndefu inayopita mafuta. Dawa ikiishia kwenye mafuta haifiki kwenye damu inavyotakiwa.

Angalia siku ulizochoma. Dawa ya kila siku iliyoandikwa siku tatu hadi tano ikikatishwa siku ya pili kwa sababu nguruwe ameamka kula, ugonjwa hurudi. Angalia chupa ilikaa wapi: iliyoachwa kwenye dirisha lenye jua, au iliyofunguliwa miezi iliyopita, usiihesabu kama dawa.

Onyo la pekee kuhusu tiamulini. Vyakula vingi vya kuku wa nyama vina monensini au salinomaisini, dawa za kuzuia koksidia, vimelea vya utumbo wa kuku. Nguruwe aliyelishwa chakula hicho akipewa tiamulini anaweza kupooza misuli na kufa. Kama huwa unawapa nguruwe mabaki ya chakula cha kuku, mwambie daktari kabla hajaandika dawa.

Baada ya hapo, ikiwa homa haijashuka ndani ya siku mbili tatu, acha kubahatisha. Peleka sampuli: pafu la aliyekufa punde, likiwa limewekwa kwenye barafu, ikiwezekana kutoka kwa mnyama ambaye hajachomwa dawa. Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania ina maabara kuu Temeke, Dar es Salaam, na vituo vya kanda, kikiwemo cha Iringa, na Chuo Kikuu cha Sokoine Morogoro kina wataalamu wa magonjwa ya wanyama. Omba wapime bakteria ni nani na dawa zipi zinamweza. Gharama ya kipimo ilinganishe na chupa ulizokwisha kumwaga.

Banda lenyewe

Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Juni baridi ikikaza, wafugaji huzungushia banda maturubai na magunia mpaka dirishani. Nia ni njema, lakini mkojo chini unatoa amonia, gesi kali inayowasha, isiyo na pa kutokea, na amonia inaharibu vile vinyweleo vya koo kama mikoplasma anavyofanya. Chuchumaa mpaka pua yako iwe usawa wa pua ya nguruwe, ubaki hapo dakika moja. Macho yakiwasha, hewa hiyo ndiyo anayovuta usiku kucha. Ziba upande wa chini upepo usiwapige mwilini, acha uwazi juu chini ya bati, na wape nyasi kavu za kulalia.

Pumba kavu inayopeperuka ilowanishe maji kidogo kabla ya kumwaga kihorini. Nguruwe wa kilo 90 hadi 100 mpe angalau mita moja ya mraba. Usichanganye wa miezi miwili na wa miezi mitano chumba kimoja. Wakubwa huonekana wazima lakini ndio wanaowaambukiza wadogo. Chumba kikiisha nguruwe, kisafishe, kipulizie dawa, kikauke, ndipo waingie wengine wote kwa pamoja. Mgeni kutoka mnadani akae mbali siku 30, na ahudumiwe mwisho, baada ya wenyeji.

Na kila unayemchoma, andika kwa chaki mlangoni tarehe, jina la dawa, na siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kibandiko kabla ya nyama kuliwa. Kwa dawa zinazokaa muda mrefu mwilini siku hizo zinaweza kufika wiki nne. Mnunuzi wa kitimoto akija na fedha mkononi kabla ya tarehe hiyo, muuzie wa chumba kingine.